Siku Mbili Kila Nyumba

Dutumi, Kibaha
22 Machi 2020

Kwa Baba mdogo Abdulwahab,

Shikamoo baba. Habari za Kisarawe, na Mama mdogo Rahma anaendeleaje na goti lake? Sisi huku wazima. Mvua bado ni za kugusagusa tu, na mpunga wa watu bondeni umesimama vizuri.

Nimeona nikuandikie, maana juzi kwenye simu ulikuwa unasema "ongeza sauti, ongeza sauti" mpaka majirani wakatoka kuona nagombana na nani. Mama mdogo akakupokonya akaniambia, "Mwandikie tu, masikio yake na simu wameshaachana." Basi barua nimempa Zahoro. Lori lake linashusha mzigo viwandani Zegereni kila wiki, na kwako ni njiani akirudi nyumbani.

Bila shaka umesikia shule zimefungwa kwa ajili ya huu ugonjwa wa korona. Mikusanyiko yote imekatazwa, na mikutano ya skauti na kambi vimo humo humo. Kwa hiyo kambi yetu ya Aprili huko kwako haipo tena. Wanangu kumi na wanane walikuwa wameshafunga mizigo. Mmoja alikuja kuniuliza kama kwenye begi la kambi anaweza kuweka kuku, kwa sababu bibi yake kampa zawadi akupelekee.

Jumamosi nilikwenda shuleni kuchukua madaftari ya kusahihisha, nikawakuta. Walikuwa chini ya mlingoti wa bendera, skafu shingoni, wamepanga mstari wenyewe. Nikawaambia, "Si nilisema msije?" Akasogea Maulida, yule binti wa Mzee Mwishehe, ana miaka kumi na mitatu na ndiye kiongozi wa wenzake. Akasema, "Mwalimu, skauti akikaa nyumbani bila kukutana na wenzake, bado ni skauti?"

Nilimjibu ndiyo. Lakini baba, nilisema tu ili waondoke. Walivyokuwa wanarudi makwao mmoja mmoja, niliona kabisa kwamba kikosi kimevunjika. Tumehangaika nacho miaka mitatu. Wewe umefanya kazi hii tangu sijazaliwa. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Mwamvita

*

Kisarawe
30 Machi 2020

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa barazani, nikaisoma tena ndani, kisha Mama mdogo akaisoma kwa sauti ingawa nusu sikuisikia. Goti lake linamsumbua asubuhi tu. Mimi sijambo. Wamenikataza kwenda msikitini kwenye watu wengi kwa sababu ya umri, ninakaa nakata kucha.

Kambi imeniuma kuliko ulivyofikiri. Nilikuwa nimeshakata miti ya mahema na kusafisha uwanja kule kwenye miinuko. Sasa miti imelala, mchwa wanaifurahia.

Lakini kikosi chako hakijavunjika. Sikiliza ninavyokuambia.

Tafuta kauntabuku moja nene. Iwe ndiyo mkutano wenu. Ianzie nyumba ya skauti wa kwanza: aandike jema alilofanya siku hiyo, fundo alilofunga, alichojifunza, kisha aipeleke nyumba ya pili. Asiingie ndani. Aiweke mlangoni, apige saluti, aondoke. Wa pili asome aliyoandika mwenzake, aandike ya kwake, apeleke kwa wa tatu. Hakuna mkusanyiko hapo, hakuna sheria iliyovunjwa, na kila mtoto atajua kwamba wenzake wapo na wanamngoja.

Ila iwe na amri moja, nayo uishike kwa mkono wa chuma: daftari lisikae nyumba moja zaidi ya siku mbili. Siku mbili, basi. Ukiruhusu ya tatu, kuna atakayefikisha wiki, na daftari litaishia uvunguni mwa kitanda cha mtu. Watoto wanapenda kazi ambayo ukichelewa kuna mtu anaona. Nimewalea wewe na wengine mia kwa njia hiyo.

Nakukumbuka ulivyokuwa mdogo, marehemu baba yako alipoondoka na ukaja kukaa kwangu. Ulikuwa hulii, hucheki. Skafu ndiyo iliyokufungua mdomo. Usikubali wanao wakose hilo.

Baba yako mdogo

*

Dutumi
17 Aprili 2020

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na kwamba Mama mdogo hajaanza tena kukufukiza majani ya mchaichai kila jioni kama Zahoro alivyonisimulia. Anasema alikukuta chini ya blanketi unapiga kelele utolewe.

Daftari linatembea! Nimeshindwa kungoja mzunguko uishe ndipo nikuandikie. Limeshapita nyumba kumi, na leo lilipita kwangu nikalisoma lote. Mmoja kaandika: "Nimemtengenezea bibi kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Bibi amenawa mara moja. Mara ya pili amesema maji hayo ni ya kuku." Mwingine: "Nimemfunga mbuzi kwa fundo la skauti. Mbuzi amelifungua." Na wa tatu akamjibu pembeni: "Nitakuja kukufundisha korona ikiisha."

Maulida ndiye kanishangaza. Kachora ramani ya nyumba zote kumi na nane, na njia, na miti mikubwa, na bonde, na kijito. Kila nyumba kaandika jina la mwenye nayo. Chini kaandika: "Ili tusipotezane." Mama yake, Mwanajuma, aliniambia juzi sokoni kwamba mtoto anaamka alfajiri kuuliza daftari limefika wapi. Anasema tangu shule zifungwe ndicho kitu pekee kinachomfanya aoge bila kuambiwa.

Jambo moja halikwenda vizuri. Hussen, mtoto wa ng'ambo ya kijito, alikaa nalo siku nne. Baba yake alikuwa kamchukua kwenda Magindu kuangalia ng'ombe, na daftari likabaki ndani. Nilikumbuka ulivyosema mkono wa chuma. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima: "Hussen amechelewesha kikosi siku mbili. Skauti hafanyi hivi." Nasikia wenzake wanamtania sana. Kidogo nimejuta, lakini tangu hapo hakuna aliyechelewa.

Sasa ninalotaka kukuuliza. Mvua zimeanza kweli kweli. Nyumba sita ziko ng'ambo, na pale pa kuvukia pana magogo mawili tu yaliyolazwa. Maji yakijaa yanapita juu ya magogo. Je, kwa hizo nyumba sita niseme daftari lisubiri mpaka maji yashuke, hata kama ni siku tano? Nitafanya utakavyosema.

Mwanao,
Mwamvita

*

Kisarawe
25 Aprili 2020

Mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani njema. Leo ndiyo mfungo wa kwanza. Hapa nyumbani tumefunga mimi na Mama mdogo peke yetu, bila wageni wa futari, jambo ambalo sijaliona tangu nipate akili.

Nimecheka habari ya mbuzi mpaka nikakohoa, na Mama mdogo akaja mbio na blanketi lake.

Kuhusu uliloniuliza, jibu langu ni hapana. Usilegeze. Ukiwaambia wa ng'ambo wasubiri, wa huku nao watasema kwao kuna tope, na mwingine atasema kuna jua. Mwaka themanini na saba tulipiga kambi hapa juu, mvua ikanyesha siku tatu bila kupumua. Mahema yalielea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi kwao, na leo ukiwakuta ni watu wazima wanaohadithia mvua ile tu, nyimbo na michezo yote wameshasahau. Watoto wa bondeni wamezaliwa na kijito hicho, wanakijua kuliko wewe na mimi. Watachagua saa ya kuvuka.

Ulifanya vyema kwa huyo Hussen. Kalamu nyekundu haijamuua mtu.

Siku mbili, mwanangu. Shika hapo hapo.

Baba yako mdogo

*

Dutumi
10 Mei 2020

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea na mfungo salama. Sina salamu ndefu.

Maulida amefariki. Kijito kilimchukua Jumatatu tarehe nne, na alionekana Jumatano, mbali, kwenye mashamba ya watu wengine. Tumemzika siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya ugonjwa, na waliosimama walisimama mbalimbali.

Nakueleza ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa. Mvua ilinyesha Jumapili usiku kucha. Daftari lilikuwa kwa Maulida tangu Jumapili asubuhi, na lilitakiwa liende kwa Hussen, ng'ambo. Asubuhi Mzee Mwishehe alimwambia mwanawe angoje kesho. Alijibu, "Baba, kesho ni siku ya tatu." Baba yake akamwambia siku ya tatu ina nini. Akasema, "Mwalimu alimwandika Hussen kwa nyekundu, watoto wanamcheka mpaka leo. Mimi ndiye kiongozi wao, mimi siwezi kuandikwa." Mzee akaenda kufungua maji shambani yasivunje tuta, akidhani mazungumzo yamekwisha. Aliporudi mtoto hayupo.

Hussen alikuwa ng'ambo anamngoja. Maji yalikuwa juu ya magogo. Anasema alimpungia mkono arudi, akapiga kelele, lakini maji yalikuwa na sauti kubwa, naye Maulida akadhani anaitwa. Akainua mkono kumjibu. Alifika katikati ya magogo.

Daftari halikuonekana.

Ijumaa niliitwa kwenye kikao. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, viongozi wawili wa skauti waliotoka mjini, na Mzee Mwishehe. Waliniuliza, "Nani alitoa amri ya siku mbili, wakati mikutano ya skauti imesimamishwa?" Nikasema ni mimi. Wakauliza, "Uliagizwa na mtu?" Nikasema hapana. Wakaniambia nivue skafu na nirudishe filimbi, na kwamba kazi yangu ya ualimu itaamuliwa shule zikifunguliwa. Nikavivua mbele yao.

Mke wa Mzee Mwishehe hakuwepo. Nilipokwenda kwao kutoa pole sikufunguliwa mlango.

Mwanao,
Mwamvita

*

Kisarawe
21 Mei 2020

Mwanangu Mwamvita,

Salamu nyingi kwako, na pole. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimechelewa kukujibu. Kalamu nimeishika mara kadhaa nikaiweka chini. Mama mdogo anakusalimu na kukuombea. Hajui yote. Nimemwambia tu kwamba mtoto wa kikosi chako amechukuliwa na maji.

Ajali imeandikwa na Mungu, mwanangu, wala hakuna mwenye kuizuia. Ungesema daftari lisubiri, huenda angevuka kwa jambo jingine, kupeleka chakula au kumfuata mbuzi. Usijitese.

Umefanya utu uzima kwa kutonitaja. Nami nimefikiri sana, sijaona kingebadilika nini kama ungenitaja. Mtoto asingerudi. Wewe bado kijana, utapewa kikosi kingine watu wakishasahau. Mimi nina miaka sitini na tisa. Mwezi wa saba walikuwa wamepanga kunipa cheti cha kutimiza miaka arobaini katika skauti, na hapa Kisarawe jina langu ndilo nitakaloacha. Sina mtoto wa kuzaa, sina jumba. Sisemi hayo kwa ajili ya cheti, unanielewa.

Zile barua zangu mbili, ya Machi na ya Aprili, kama bado unazo, si lazima zikae. Karatasi zinamkumbusha mtu machungu bure.

Jitunze. Kula vizuri wakati wa futari.

Baba yako mdogo

*

Dutumi
30 Mei 2020

Baba mdogo,

Natumaini Idi imewakuta salama.

Barua zako sijazichoma. Sijamwonyesha mtu pia. Zipo.

Sikukutaja kwa sababu wewe ulinilea, na kwa sababu kalamu nyekundu niliishika mimi. Hilo nalijua na nitakaa nalo. Lakini nilikuuliza. Niliandika kwa mkono wangu kwamba maji yanapita juu ya magogo, nikakuuliza, ukasema hapana. Nilingoja barua yako siku kumi na moja nikijiambia huenda itasema nilichotaka kusikia. Iliposema vingine nikaifuata, kama nilivyokufuata tangu nina miaka saba.

Sasa unaniambia angevuka kwa ajili ya mbuzi. Hakuwa anafuata mbuzi.

Kila nikipita njia ya bondeni namkuta Mzee Mwishehe. Hanitukani. Anasimamisha jembe na kuniuliza jambo lile lile, "Mwalimu, ulikuwa unaharakisha nini?" Nimeshaulizwa mara nne. Mara zote namwambia nisamehe, naye anasema, "Sijakuambia uombe msamaha. Nimekuuliza ulikuwa unaharakisha nini."

Mke wake, mimi nikitokea njiani, anageuka na kurudi alikotoka. Nasikia anataja jina langu kwenye dua zake, na si kwa heri.

Sina jibu la swali la yule mzee. Naona wewe ndiye mwenye nalo. Usiniandikie tena mpaka uwe umempelekea.

Mwamvita

*

Kisarawe
11 Julai 2020

Mwanangu,

Salamu, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama hutaijibu. Mama mdogo mzima. Sasa anajua yote. Siku niliyomweleza hakulia wala hakunigombeza. Aliondoka na kitanda chake cha kamba akahamia chumba cha pili, na huko ndiko anakolala mpaka leo.

Alhamisi nilipanda lori la Zahoro mpaka Mlandizi, halafu pikipiki mpaka kwenu. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungenisindikiza, na nikisindikizwa na wewe ningekuachia tena useme wewe.

Nilimkuta Mzee Mwishehe kwenye shamba la mpunga anavuna, na watu wengine wengi wa bondeni wanavuna kulia na kushoto. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia, "Amri ya siku mbili ilikuwa yangu. Mwalimu aliniuliza kama watoto wa ng'ambo wasubiri maji yashuke, mimi nikakataa."

Akasema kitu, sikukisikia. Nikamwomba arudie. Akarudia, sikusikia. Basi ikabidi apige kelele, na mimi nijibu kwa kelele kama unavyonijua, na mashamba yote yakanyamaza kutusikiliza.

"Nimekuuliza, ulikuwa unaharakisha nini!"

Mwamvita, nilikuwa nimetengeneza jibu zuri kwenye lori. Nidhamu, umoja wa kikosi, mambo kama hayo. Nikiwa pale, na yule mtu ana mundu mkononi na matope mpaka magotini, halikuwepo. Nikamwambia, "Hakuna. Hakukuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nimekaa barazani sina kazi, kambi yangu imefutwa, nikataka bado pawe na mtu wa kufuata neno langu."

Akakaa kwenye tuta. Nami nikakaa, mbali kidogo. Akasema, polepole lakini kwa nguvu ili nisikie, "Umechelewa zaidi ya siku sitini, mzee. Mke wangu anamlaani yule mwalimu kila swala. Ungekuja mapema, laana ingejua njia ya kwenda."

Nikamwomba anipeleke kwa mkewe. Akanipeleka. Hakutoka ndani. Nilisema maneno yale yale nikiwa nimesimama uani, mlango umeegeshwa. Alijibu kitu cha maneno machache, na mimi na masikio yangu haya sikukipata. Nikamtazama Mzee Mwishehe. Akasema, "Anasema amesikia." Nikauliza, "Basi?" Akasema, "Basi."

Nilipita shuleni kwenu. Shule zimefunguliwa, nikakuona dirishani ukiandika ubaoni, umekonda. Nilisimama chini ya mwarobaini wa getini mpaka kengele ilipopigwa, kisha nikaondoka.

Nimewaandikia viongozi wa skauti, nikawaeleza kila kitu, na barua zako mbili za kuniuliza nimezitia humo. Cheti nimewarudishia kabla hawajanipa. Hapa Kisarawe habari imeshaenea. Vijana niliowafundisha wakinikuta dukani wananisalimia haraka haraka. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu ulisema nisiandike mpaka niwe nimempelekea jibu. Nimempelekea.

Baba yako mdogo,
Abdulwahab

*

Dutumi
23 Agosti 2020

Baba mdogo,

Shikamoo. Nakuombea afya, wewe na Mama mdogo. Mimi nipo, nakula, usingizi unakuja na kuondoka. Barua yako ilinifikia siku nyingi. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, na hasira ilichukua muda wake.

Kazi ya ualimu sikufukuzwa. Viongozi wa skauti walirudi baada ya barua yako. Walinipa onyo kwa maandishi, wakasema naweza kuendelea na kikosi kama wazazi watakubali. Skafu waliiweka mezani mbele yangu. Sikuichukua siku ile. Mwalimu mwenzangu, Eugenia, aliichukua akaiweka kabatini kwake, akaniambia, "Ukiitaka ipo. Usipoitaka ipo vile vile."

Wazazi wengi wamekataa. Kati ya kumi na wanane wamebaki saba, nami sina neno na wazazi hao. Ningekuwa wao ningekataa pia. Hao saba walikuja wenyewe nyumbani kwangu, wakakaa kwenye mkeka, mmoja akauliza kama Jumamosi tutakutana. Hussen alikuwa mmoja wao. Tangu Mei hazungumzi vizuri, anakwama kwenye neno la kwanza mpaka jasho linamtoka. Mama yake ameniambia usiku anapunga mkono akiwa amelala. Nilimwomba radhi kwa ule ukurasa mwekundu, mbele ya wenzake. Alinitazama tu, kisha akaendelea kukunja kona ya mkeka.

Nimeichukua skafu kwa ajili ya hao saba. Tunakutana saa nne mpaka saa sita. Hatuna amri nyingi. Kukiwa na wingu tu, mkutano hakuna, na kila mtoto wa ng'ambo nampeleka mwenyewe mpaka kwao. Hawacheki kama zamani. Wanafunga mafundo kimya kimya, wanayafungua. Jumamosi iliyopita nilijaribu kuanzisha wimbo, nikauimba peke yangu mpaka katikati, nikauacha.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya mama yake Maulida. Jumamosi ya kwanza nilimwona amesimama barabarani, ng'ambo ya uwanja wa shule, kajitanda khanga. Nikajua amekuja kunifedhehesha. Hakusogea. Alisimama hapo saa zote mbili. Watoto walipoanza kuondoka niliona midomo yake inacheza. Nikadhani ni dua yake ile. Nikawapitisha watoto karibu naye, maana njia ni hiyo moja, ndipo nikasikia. Alikuwa anahesabu. "Moja. Mbili. Tatu." Alipofika saba akatufuata nyuma kwa mbali mpaka kijitoni, akangoja tuvuke, akahesabu tena. Niliporudi peke yangu alikuwa ameshaondoka.

Amekuja kila Jumamosi tangu hapo. Hanisalimii, nami simsemeshi. Anawahesabu wakija, anawahesabu wakienda. Jana Hussen alikuwa na homa hakuja, wakawa sita. Alipofika sita akasimama akaangalia uwanja, akaanza upya, akafika sita tena, akaanza mara ya tatu. Nikamkimbilia nikamwambia, "Mama, Hussen yupo kwao, anaumwa homa, nimetoka kumwona asubuhi." Alinishika mkono, hapa juu ya kiwiko, akanibana kwa nguvu mpaka maumivu ninayo leo. Akasema, "Nipeleke nikamwone."

Tukaenda. Tulivuka wote wawili. Hussen alikuwa amelala barazani. Yule mama alimgusa paji la uso, akamtazama sana, akasema kwa sauti ndogo, "Saba." Kisha akaniachia mkono.

Wewe usije bado. Wala usitume salamu kwao. Mwambie Mama mdogo nitamletea dawa ya goti mwezi wa kumi na mbili, likizo. Nitakuja kwa ajili yake. Wewe nitakukuta barazani, nitakuamkia, na sijui kama nitaweza zaidi ya hapo.

Mwanao,
Mwamvita